Kuomba NPI Marekani ukiwa mtu wa majina matatu

Daktari, muuguzi au mtaalamu wa viungo anayetaka kulipwa na bima Marekani huulizwa kwanza NPI, namba ya tarakimu 10 inayomtambulisha. Hutolewa bure, kwa hiyo huna haja ya kumlipa wakala. Nimewasaidia wenzetu kadhaa kuiomba, na wengi hukwama palepale: kwenye jina.

Hatua ya 1. Fungua akaunti kwenye tovuti ya NPPES, mfumo wa serikali ya Marekani unaotoa NPI. Fomu ya karatasi, CMS-10114, ipo, lakini kama una namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) achana na fomu hiyo, huchelewesha.

Hatua ya 2. Chagua aina. Aina ya 1 ni ya mtu, Aina ya 2 ni ya shirika. Ukiwa na kampuni ya uuguzi wa majumbani, kampuni ina namba yake nawe una yako.

Hatua ya 3. Jina. Hapa tulia. Taarifa zako hulinganishwa na kumbukumbu za Social Security, na sisi tunaobeba jina la baba na la babu ndiko tunakoumia. Tuseme pasipoti ni Asha Juma Salehe, kadi ya Social Security ikaandikwa Asha Salehe, leseni ikatoka Asha Juma. Jaza kama ilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, hata kama kazini hakuna anayekuita hivyo. Jina la leseni liweke kwenye sehemu ya majina mengine. Ombi likigoma, usibahatishe mpangilio mpya; ichukue kadi mkononi, linganisha. Kama kadi yenyewe ina kosa, au umebadili jina baada ya kuolewa, anzia ofisi ya Social Security, ufuate bodi ya leseni, ndipo urudi NPPES. Usiruke bodi: bima nazo hulinganisha NPI na leseni kabla ya kukupokea.

Hatua ya 4. Chagua msimbo wa taksonomia, yaani unaoonyesha aina ya kazi au utaalamu wako, unaolingana na leseni yako.

Hatua ya 5. Anwani na simu ya kazini huonekana na yeyote kwenye daftari la NPI mtandaoni. Ya nyumbani usiiweke kama una nyingine. Wauguzi wanaoishi peke yao, nawasihi sana kwa hili.

Namba ikishatoka ni yako hata ukihama jimbo au mwajiri, ila mabadiliko ya taarifa yaingize ndani ya siku 30. Kujiunga na Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, ni ombi jingine kabisa, kupitia PECOS, mfumo wake wa kuandikisha watoa huduma.