Kuchagua vitabu na kujiandaa kwa UACE ukiwa unalenga udaktari

Nchini Uganda, nafasi za kusomea udaktari katika vyuo vikuu vya umma kama Makerere, Mbarara na Gulu hutegemea zaidi matokeo ya UACE, mtihani wa kumaliza S.6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) unaosimamiwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa. Kwa hiyo mwanafunzi anayesubiri amalize shule ndipo aulizie mtihani wa kuingia udaktari, huwa amekwisha kuufanya bila kujua. Nimewafundisha biolojia wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na BCM (biolojia, kemia na hisabati) kwa miaka kadhaa, na ni nadra kumkuta aliyeshindwa kwa kukosa vitabu. Wengi huja na mkoba uliojaa pamfleti ambazo hawajazifungua.

Hatua ya kwanza ni kupiga hesabu kabla ya kununua chochote. Katika UACE, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. Katika uzani uliozoeleka wa udaktari pale Makerere, pointi za biolojia na kemia huzidishwa kwa 3, na zile za fizikia au hisabati, lolote ulilofanya vizuri zaidi, huzidishwa kwa 2. Maana yake ni kwamba kuipandisha kemia kutoka C hadi B kunakuongezea 3, ilhali kupanda vivyo hivyo katika fizikia kunakuongezea 2. Hata hivyo, usikimbilie kuitupa fizikia, kwa kuwa fizikia ya E ikifika C inaleta 4, ilhali biolojia ya B inayong'ang'aniwa ifike A inaleta 3 tu. Andika alama zako za muhula uliopita, fanya hesabu hiyo kwa kila somo, kisha ugawe saa za jioni kwa kufuata jibu utakalopata.

Hatua ya pili ni kuipata silabasi ya kila somo na kuipitia mada kwa mada, ukiweka alama mbele ya ile unayoweza kumfundisha mwenzako, ile unayoikumbuka nusu nusu, na ile usiyoijua kabisa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020 na wanafunzi wake wa kwanza walifanya UCE, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2024, kwa hiyo muulize mwalimu wako ni silabasi ipi ya A-Level (S.5 na S.6) inayokuhusu kabla hujarithi vitabu vya kaka au dada yako. Usanisinuru haujabadilika, lakini namna ya kuuliza maswali inaweza kubadilika.

Hatua ya tatu ni kuchagua. Kwa kila somo, kitabu kimoja kikuu na mkusanyiko mmoja wa maswali vinatosha, pamoja na daftari lako mwenyewe. Ili kukipima kitabu, fungua mada inayokusumbua, tuseme kazi ya figo, soma kurasa mbili, kifunge, kisha uchore nefroni (kirija kidogo cha figo kinachochuja damu) na kueleza kwa maandishi maji yanavyorudishwa kwenye damu. Ukishindwa mara mbili, kitabu hicho si chako, hata kama kinasifiwa na anayeongoza darasa. Pamfleti za fotokopi zinazouzwa Wandegeya, mtaa ulio karibu na Makerere, ni nafuu na baadhi ni nzuri sana, ila zijaribu kwanza kwa maswali matatu ambayo majibu yake unayajua kwa hakika. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja ambayo mshipa unaoingiza damu kwenye glomerulasi (fundo la mishipa midogo ya damu ndani ya nefroni) ulikuwa umebadilishana jina na ule unaoitoa, na nikaligundua kosa hilo baada ya nusu ya darasa kulinakili.

Hatua ya nne, yaani mitihani iliyopita, watu wengi huiacha hadi mwezi wa mwisho. Anza ukiwa S.5, ukijibu maswali ya mada uliyoimaliza tu; kisha ukiwa S.6, fanya karatasi nzima kwa saa iliyowekwa, bila daftari. Baada ya kusahihisha, soma ripoti ambazo UNEB huandika kuhusu kazi za watahiniwa, kwa maana zinaonyesha makosa yanayojirudia. Kosa moja ninaliona kila muhula: swali linataka mwanafunzi aseme grafu inavyopanda na kushuka, naye anaeleza sababu, akakosa alama zote. Jadilianeni kwa Kiswahili mkitaka, kwani mada huelewekea hapo haraka, lakini majibu yaandikeni kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo lugha ya mtihani.

Mazoezi ya maabara yanahitaji muda mrefu kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Katika biolojia, karatasi ya tatu, P530/3, ni ya vitendo, na katika mitihani ya nyuma huwa inakuja na chura, panya au mende wa kupasuliwa. Mkono hauzoei wembe na pini kwa kusoma. Unahitaji wanyama kadhaa kabla ya kuacha kukata mishipa unayotakiwa kuionyesha. Mchoro uwe mkubwa, wa penseli, wenye mistari safi isiyotiwa kivuli. Katika kemia, soma bureti (mrija wenye alama za kupimia kimiminika) jicho likiwa sawa na kiwango cha kimiminika, andika nafasi mbili za desimali kila mara, na rudia hadi vipimo viwili vikaribiane. Ikiwa maabara ya shule yenu hufunguliwa majuma machache tu kabla ya mtihani, mwombeni mhudumu wake awaruhusu Jumamosi kwa ahadi ya kuosha vyombo. Mara nyingi hukubali.

Majuma mawili ya mwisho usianze kitabu kipya. Rudia maswali uliyoyakosa, na jioni ya kuamkia kila karatasi chonga penseli mbili, jaribu betri ya kikokotoo, kisha ulale kabla ya saa nne usiku.