Kufunga Mwili wa Ujumbe Usomeke Kwenye Kabambe na Kwenye Kompyuta

Sacco moja ya Nairobi ina mwanachama mwenye kabambe (simu ndogo ya vitufe), mwingine anayesoma baruapepe ofisini Upper Hill, na wa tatu aliye kwenye programu ya gumzo. Ujumbe ni uleule, ila mifumo inayoupokea ni mitatu, na hakuna hata mmoja unaopaswa kubahatisha kilichomo.

Basi kila kipande cha mwili, yaani yaliyomo kwenye ujumbe, kijitambulishe kwa kutaja aina yake. Maandishi matupu yatangazwe text/plain; charset=utf-8. Ukiacha kutaja mpangilio wa herufi, mpokeaji atachagua wake, na alama zilizo nje ya herufi za kawaida zitageuka takataka.

Kwenye baruapepe, MIME (kanuni za kufunga vipande vya ujumbe) inakuruhusu kubeba maandishi matupu na HTML (maandishi yenye mapambo kama ya tovuti) pamoja ndani ya multipart/alternative. Tanguliza kilicho rahisi, malizia na chenye mapambo, kwa sababu programu huonyesha cha mwisho inachokimudu. Toleo tupu libebe kiasi, tarehe na namba ya akaunti. “Fungua kiungo uone” si ujumbe kwa mtu asiye na bando! Picha ikifungwa kwa base64 (njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida), kila baiti 3 huwa herufi 4: ya KB 300 inafika takribani KB 400.

SMS ndiyo inayokula pesa. Kwa alfabeti ya GSM, yaani seti ya herufi za kawaida za SMS, ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Ukizidi, kila kipande hubaki na 153, maana nafasi 7 zinachukuliwa na maelezo ya kuunganisha vipande. Alama moja tu ikiwa nje ya alfabeti hiyo, ujumbe mzima kwa kawaida huhamia UCS-2, mpangilio wenye alama nyingi zaidi: herufi 70, au 67 kwa kipande. Kwa Kiswahili mtego mkubwa ni kibainishi (') cha neno kama “ng'ombe”. Programu za kuandikia hukipinda (namba yake ya Unicode ni U+2019), nacho hakimo kwenye GSM. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu. Geuza kila U+2019 kuwa U+0027, kile kilichonyooka, kabla ya kuhesabu. Emoji nyingi huhesabiwa mbili au zaidi, na mabano ya mraba hula nafasi mbili hata ndani ya GSM.

Saa nayo: msomaji mwandikie “saa nane mchana”, lakini kwenye sehemu inayosomwa na mashine weka 14:00:00+03:00 (+03:00 ni saa za Afrika Mashariki).

Ukiwa upande wa kupokea na ukakuta aina usiyoijua, onyesha toleo tupu na uhifadhi kipande kingine kama kilivyo. Kukitupa kimyakimya ni kumnyima mtu ujumbe wake.