Gesi ya usingizi kwenye upasuaji wa moyo: mapafu yanapohamia kwenye mashine

Mgonjwa akishaingia kwenye mashine ya moyo-mapafu na upumuaji ukasimamishwa, vaporaiza (kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa mvuke) ya mashine ya usingizi haimfikishii dawa tena, hata ikiwa imefunguliwa asilimia 2. Kuanzia hapo dawa hupita kwenye oksijineta, yaani sehemu ya mashine ya moyo-mapafu inayoipa damu oksijeni, kutoka vaporaiza ya pili iliyofungwa kwenye bomba la gesi. Makosa mengi hutokea kwenye kuhama huku na kwenye kurudi.

Uchaguzi wa dawa hauhitaji muda mrefu. Isoflurani au sevoflurani zinatosha. Halothani huufanya moyo kuwa mwepesi wa kupoteza mdundo ukipewa adrenalini, na desflurani ikiongezwa haraka hupandisha mapigo na presha. Naitrasi oksaidi iachwe kabisa: huyeyuka kwenye damu takriban mara 34 kuliko naitrojeni, hivyo hukuza kiputo chochote cha hewa kilichobaki. Usichague gesi kwa imani kwamba itaulinda moyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019, wenye wagonjwa 5,400 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, haukuona tofauti ya vifo baada ya mwaka mmoja kati ya gesi na dawa za mshipani.

Kabla ya upasuaji, soma aina ya utando wa oksijineta. Utando wa polipropilini wenye vitundu hupitisha gesi ya usingizi. Ule wa polimethilipenteni karibu hauipitishi. Ukiwa nao huo wa pili, panga propofoli ya mshipani mapema.

Vaporaiza ikae wima, ikiwa imefungwa imara, kati ya kichanganya gesi na oksijineta. Ikilala, dawa ya maji huingia kwenye njia ya gesi na mgonjwa hupata dozi kubwa mno. Pima uvujaji kabla bomba halijaunganishwa na oksijineta: ziba ncha yake kwa kidole na uangalie kipima-mtiririko kikishuka. Rudia vaporaiza ikiwa imefunguliwa, kwa sababu baadhi ya mivujo hujitokeza hapo tu. Kifuniko kisichokaza hupoteza oksijeni pia, na dalili ya kwanza huwa damu ya ateri kuwa nyeusi.

Jaza vaporaiza mbali na oksijineta. Isoflurani ya maji ikidondokea plastiki ya polikaboneti huipasua, na kubadilisha oksijineta katikati ya upasuaji ni balaa. Hakikisha pia chupa inalingana na vaporaiza: isoflurani kwenye vaporaiza ya sevoflurani hutoa mvuke mwingi kupita namba inayoonyeshwa.

Tundu la kutolea gesi la oksijineta linahitaji bomba la kufyonza, lakini lisizibwe kabisa. Acha nafasi ya hewa. Likiziba, shinikizo upande wa gesi hupanda na viputo vinaweza kuvuka utando hadi kwenye damu. Ufyonzaji mkali nao huvuruga ubadilishanaji wa gesi. Kwenye tundu hilo ndipo pa kuweka mrija wa kupima kiasi cha dawa. Namba ya hewa ya pumzi kwenye skrini haina maana mapafu yakiwa yamesimama.

Anza na isoflurani asilimia 1 hivi, kisha ufuate EEG iliyochakatwa (namba ya kina cha usingizi inayotokana na mawimbi ya ubongo), ukilenga 40 hadi 60. Kwa mzee wa miaka 70 mahitaji huwa pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko wa miaka 40, na kupozwa mwili akiwa kwenye mashine huyapunguza zaidi. Presha ikishuka, uliza kwanza kuhusu mtiririko wa pampu na hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu). Kama usingizi unatosha, toa fenilefrini, dawa ya kubana mishipa, mikrogramu 50 hadi 100. Kufunga gesi ili presha ipande ni njia fupi ya kumwamsha mgonjwa ambaye dawa ya kulegeza misuli haimruhusu hata kukunja kidole.

Kipindi cha kumpasha joto ndicho kibaya zaidi. Ubongo hupata joto kabla ya kibofu, kwa hiyo usisubiri kipimajoto cha kibofu kifike nyuzi 36 ndipo uongeze dawa. Ongeza mara upashaji unapoanza.

Wakati wa kutoka, fuata mpangilio huu na kila hatua isemwe kwa sauti kati ya mtaalamu wa usingizi na mwendesha mashine:

1. Mapafu yaanze kupumuliwa.
2. Vaporaiza ya mashine ya usingizi ifunguliwe, nusu ya MAC hivi (MAC ni kiasi cha gesi kinachozuia nusu ya wagonjwa kusogea wanapokatwa). Moyo ukiwa dhaifu, tumia propofoli kidogo kidogo.
3. Namba ya hewa ya pumzi ionekane ikipanda.
4. Vaporaiza ya oksijineta ifungwe.

Joto likipanda kupita upashaji, huku kabonidioksidi, asidi na potasiamu vikiongezeka, fikiria haipathemia hatari, yaani joto kali la mwili linalochochewa na gesi hizi. Funga gesi, hamia propofoli, toa dantroleni miligramu 2.5 kwa kilo. Mwenye historia yake katika familia asipewe gesi hizi kabisa.

Propofoli ya safari ya kwenda ICU ianze kabla vaporaiza haijafungwa, si baada ya kitanda kutoka mlangoni.