Itengee hofu ya bei saa yake

Tangu mafuta ya kula na nauli vianze kupanda, nilikuwa nikipiga hesabu gizani usiku kucha, mpaka nilipojifunza kuitengea hofu hiyo nusu saa maalumu, Jumamosi saa kumi jioni. Katikati ya wiki, wazo la kodi au ada likinijia, huliandika daftarini kwa maneno machache, pamoja na kiasi cha fedha na tarehe yake, kisha huliacha hapo. Hata bei mpya za petroli, ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, husubiri. Mbinu hii, ambayo wanasaikolojia wameitumia tangu miaka ya 1980, husaidia kwa sababu akili hurudiarudia jambo inaloogopa kulisahau, na deni lililoandikwa kwa tarakimu mara nyingi huonekana dogo kuliko lile la kukisia. Daftari lisikae karibu na kitanda. Mbinu hii haifai kabisa pale ambapo chakula cha kesho hakipo, kwani hapo ndugu au jirani anapaswa kuambiwa siku hiyohiyo. Na usingizi ukikosekana wiki mbili mfululizo, tafadhali mwone mhudumu wa afya.