Windows ikikwambia si halali: soma leseni mwenyewe kabla ya kumlipa mtu

Ukiwasha kompyuta ukakuta maandishi kwamba Windows yako si halali, usikimbilie kununua leseni, na usikubali ipigwe Windows upya siku hiyohiyo. Seva ya Microsoft, yaani kompyuta ya mbali inayokagua leseni kupitia mtandao na kutoa hukumu hiyo, nayo hukosea. Tarehe 24 Agosti 2007 programu ambayo haikuwa tayari iliwekwa kimakosa kwenye seva za ukaguzi za Microsoft, na kwa saa kama 19 watu waliolipa pesa yao halali wakaambiwa nakala zao ni bandia. Mashine zilizoguswa hazikufika 12,000, lakini wenye Windows Vista walipoteza hata mwonekano wa madirisha ya kioo. Novemba 2018 ikawa zamu ya Windows 10 Pro: leseni halali za toleo hilo zikasomeka kana kwamba ni za Home, toleo la chini yake. Mara zote mbili kosa lilikuwa kwenye seva, na likarekebishwa hukohuko.

Kwa hiyo subiri siku mbili ujaribu tena. Wakati unasubiri, soma leseni yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike:

slmgr.vbs /xpr

Kidirisha huchukua sekunde kadhaa kutokea, usirudie kubonyeza. Kitasema leseni ni ya kudumu, au kitataja tarehe ya kuisha. Kisha andika:

slmgr.vbs /dli

Hapa tazama mstari wa maelezo, mwishoni mwake. Neno lililopo hapo ndilo linalokueleza leseni ilitoka wapi.

OEM_DM ni leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani. Ufunguo wake umeandikwa ndani ya ubao mama. RETAIL ni ya dukani, au iliyopatikana kwa kupandisha toleo la zamani. Ukiona ufunguo unaishia na 3V66T kwenye Pro, au 8HVX7 kwenye Home, usishtuke: hizo ni funguo za jumla ambazo Windows hujiwekea yenyewe. Ila kumbuka, zipo mbinu za kukraki, yaani kuidanganya Windows ijione imelipiwa, zinazoacha alama hizohizo, hivyo RETAIL bila risiti si ushahidi kamili.

VOLUME_KMSCLIENT ndiyo ya kuangalia kwa makini. Hiyo ni leseni ya ofisi. Mashine hupewa siku 180, na kila baada ya siku 7 hujaribu kuisalimia seva ya ofisi ili ziongezwe. Laptopu ya mtumba iliyokuwa ya kampuni Ulaya inaweza kufika nayo ikiwa haikufutwa vizuri. Baada ya miezi sita inaanza kulalamika, na mnunuzi anadhani ameharibu kitu. Lakini mara nyingi zaidi ni kazi ya krako, programu ya kukraki. Andika slmgr.vbs /dlv utafute jina la seva ya KMS, ile inayoongeza siku za leseni ya ofisi. Ukikuta 127.0.0.2 au anwani ya mtandaoni usiyoijua, mashine yako inadanganywa na programu iliyofichwa ndani yake au na seva ya mtu baki.

Hapo fungua Windows Security, uingie kwenye kinga ya virusi (Virus & threat protection), ubonyeze Manage settings, ushuke hadi Exclusions. Programu za kukraki humtaka fundi azime kinga kwanza, na wengi huacha folda nzima, wakati mwingine diski C yote, kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Mlango huo unabaki wazi kwa virusi vyovyote vitakavyokuja na flashi. Kufuta mstari huo hakutoshi. Mashine ya namna hiyo inahitaji kupigwa Windows safi.

Kabla ya kuifuta, angalia kama tayari unamiliki leseni bila kujua. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au zaidi, yaani kuanzia 2012, zitatoa herufi na tarakimu 25. Ziandike kwenye karatasi. Zikiwa za Windows 10 au 11, pakua kifaa cha usakinishaji kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, tengeneza flashi ya GB 8, nakili mafaili yako pembeni, kisha piga toleo lilelile la leseni. Kosa linalojirudia ni hili: ubao una leseni ya Home, fundi anapiga Pro kwa sababu ndiyo aliyonayo, halafu inagoma kuamilishwa, yaani kuthibitishwa kuwa halali, na mteja anauziwa krako. Ufunguo wa Windows 7 au 8 usiutegemee tena kuamilisha Windows mpya; Microsoft ilifunga njia hiyo mwaka 2023.

Ikigoma bado, soma namba ya kosa. 0xC004F074 maana yake seva ya KMS haikupatikana. 0xC004C008 ni ufunguo uliotumika kwenye mashine nyingi kupita kiwango. 0xC004F211 hutokea ukibadilisha ubao mama, na tiba yake ni rahisi kama leseni ilikuwa imefungwa kwenye akaunti ya Microsoft kabla ya matengenezo. Ifunge kwenye akaunti hiyo kabla ya kupeleka mashine kwa fundi. Angalia saa pia. Betri ndogo ya CR2032 ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kila umeme unapokatika, na seva hukataa mazungumzo. Badilisha betri, weka tarehe sahihi, kisha uamuru slmgr.vbs /ato, amri ya kuamilisha upya, ukiwa msimamizi (administrator).

Wanaohofia kwamba ukaguzi huu unawachungulia wana sababu. Mwaka 2006 Microsoft iliwashushia watumiaji wa Windows XP programu ya ukaguzi kama sasisho la kipaumbele, na Juni ikajulikana kwamba ilikuwa ikiwasiliana na kampuni kila siku bila kuwaeleza wazi. Kesi zilifunguliwa Marekani, na toleo lililoacha tabia hiyo likatoka mwezi huohuo. Ukaguzi wa enzi hizo ulibeba ufunguo wa leseni, aina ya mashine, taarifa za BIOS (programu ya ndani ya ubao mama), lugha, na namba ya diski. Leo data nyingi zaidi huenda kwa njia nyingine: ingia Settings, sehemu ya faragha, uzime data za hiari za uchunguzi. Kuzima hizo hakugusi leseni.

Na kama huna pesa ya leseni sasa, jua kwamba Windows 10 au 11 isiyoamilishwa haifungi mafaili yako. Utaona maandishi ya kijivu pembeni mwa skrini na hutaweza kubadilisha picha ya nyuma kupitia Settings. Masasisho ya usalama ya toleo linalohudumiwa yanaendelea kuja. Anayekutisha kwamba kompyuta itazima anataka hela yako. Asiyetaka ukaguzi kabisa apige Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows ambao hauna leseni ya kuamilisha: RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 20 zinatosha, na unaweza kuijaribu kwenye flashi kabla ya kugusa diski.

Ukienda kununua laptopu, mwombe muuzaji aendeshe slmgr.vbs /dli mbele yako, upige picha kidirisha hicho pamoja na namba ya mashine iliyoko chini, ndipo utoe pesa.