Kabati la vitabu la parokia kabla ya Majivu: mambo ya kuangalia mapema

Kwaresima ya 2027 inawahi jamani, Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi, kwa hiyo ukitoa Krismasi halafu ukatoa na ile Januari ya ada za shule, hata hujakaa sawa watu washapakwa majivu na wanakuja kuulizia "kitabu cha Kwaresima". Na maktaba yenyewe parokia nyingi ni kabati moja au mawili karibu na ofisi ya katekista, ufunguo anao mtu mmoja na leo kasafiri. Mi naona shida yetu wala sio uchache wa vitabu. Shida ni kwamba hivyo vichache havikaguliwi, halafu vikiazimwa vinakaa nyumba moja siku zote arobaini za Kwaresima.

Anza na Biblia, maana hapa ndo watu wanaaibikaga jumuiyani, kwenye zile sala za majirani za kila wiki. Nyingi tulizonazo ni za kupewa, na za kupewa mara nyingi ni zile za vitabu 66, hazina deuterokanoni, yaani vile vitabu na sura za ziada zilizomo kwenye Biblia ya Kikatoliki. Siku za kawaida huwezi kuona tofauti ila Kwaresima utaiona tu. Alhamisi ya wiki ya kwanza kuna sala ya Malkia Esta, Jumanne ya wiki ya tatu kuna sala ya Azaria ndani ya tanuru la moto, Ijumaa ya wiki ya nne kuna Hekima ya Sulemani sura ya 2, na Jumatatu ya wiki ya tano ndo kuna Susana, Danieli 13. Sasa msomaji kaandaliwa vizuri, kafungua Danieli, kitabu kinaishia sura ya 12. Anafunua mbele, anarudi nyuma, mama mwenyekiti anamwambia "tafuta vizuri mwanangu", na hakuna cha kutafuta hapo, hiyo sura haimo. Kwa hiyo kabla ya Majivu toa Biblia zote, fungua moja moja mwisho wa Danieli, zenye sura ya 13 na 14 zibandike karatasi ya rangi mgongoni, hizo ndo za kuazimisha jumuiya. Usiangalie jalada peke yake, kuna matoleo yanachapwa namna mbili, lenye deuterokanoni na lisilo nayo, na kwa nje unaweza usione tofauti.

Kuhusu misale, yaani vitabu vya Misa, na vile vitabu vya masomo ya kila siku, msivitupe vya zamani kwa haraka. Masomo ya siku za wiki ndani ya Kwaresima hayana mwaka wa kwanza wala wa pili, ni yaleyale kila mwaka, kwa hiyo kitabu cha miaka kumi iliyopita bado kinafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, angalia tu wiki ya ngapi, usifuate tarehe. Jumapili ndo zinabadilika, masomo yake yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. 2027 ni Mwaka B, kwa hiyo Jumapili ya tatu Yesu anawafukuza wafanyabiashara hekaluni, ya nne ni Nikodemo, ya tano ile punje ya ngano inayoanguka ardhini ikafa. Lakini kama parokia ina wakatekumeni wa kubatizwa Pasaka, paroko anaweza kuchukua masomo ya Mwaka A, yaani mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa na Lazaro. Muulizeni Padre mapema kabla hamjaenda kutoa fotokopi.

Vitabu vya Njia ya Msalaba, aisee, fungua kila kimoja uhesabu vituo. Ni vijitabu vya kubana pini katikati, pini ikishika kutu ile karatasi ya kati inachomoka yenyewe, na karatasi ya kati mara nyingi ndo kituo cha saba na cha nane. Utasikia nusu ya watu wanaitikia cha nane na wengine wapo cha tisa. Pia tenganisha aina, maana kuna vile vya kawaida vinaanza Yesu anahukumiwa afe, na kuna vya Kibiblia kwa mpangilio ule Papa Yohane Paulo II aliotumia Kolosei kule Roma mwaka 1991, vyenyewe vinaanza bustanini Gethsemane. Vyote vina vituo 14 lakini ukivichanganya Ijumaa jioni hakuna sala hapo. Vya wazee tafuta maandishi makubwa, watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto parokiani, wape vya picha.

Halafu kuna Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu wetu wa TEC, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na wa Baba Mtakatifu. Kenya nao Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wana kitabu cha kampeni ya Kwaresima kila mwaka, kila wiki na mada yake. Hizi zikitoka zinatumwa pdf kwenye magrupu ya WhatsApp na zinaishia hapohapo, hakuna anayesoma kurasa nyingi hivyo kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo tenga hela ya kuchapa nakala chache, hata moja kila jumuiya inatosha.

Kuazima: kauntabuku, jina, jumuiya, namba ya simu, wiki mbili basi. Ukisema "hadi Pasaka" kitarudi Pentekoste. Mimi ningeazimisha kwa jumuiya badala ya mtu mmoja mmoja, mwenyekiti asaini, kitabu kizunguke na sala inapozunguka. Na huku kwetu Machi masika inaanza kugonga, kila mfuko wa vitabu utoke na nailoni.

Karatasi za kujiandaa na kitubio, yaani kuungama dhambi, ziwekeni mlangoni kanisani mtu achukue bila kuandikishwa, hakuna anayetaka jina lake kwenye daftari kwa ajili ya hiyo. Na za novena ya Huruma ya Mungu, ile sala ya siku tisa, zigaweni Jumapili ya Matawi, kwa sababu inaanza Ijumaa Kuu na siku hiyo hakuna mtu atakayekuja kufungua kabati.