GPS ya mkononi kwa tunaozunguka Dodoma: anza na zoni na datamu, ramani baadaye

Kama unatumia GPS ya mkononi huku kwetu kati, iwe ya kazi ya visima, kupima mashamba au kuzunguka tu porini, kuna kitu kimoja ntakukazania kuliko vyote: namba za koodineti (zinazotaja mahali) peke yake hazikufikishi popote mpaka ujue zimeandikwaje, yaani zoni gani na datamu gani, datamu ikiwa ni umbo la dunia ambalo namba zimepimiwa kwake. Na Dodoma ndo mahali pabaya kabisa pa kulipuuzia hili, ntakueleza kwa nini.

Mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita badala ya nyuzi, umeikata dunia vipande vya nyuzi 6, ndo hizo tunaita zoni, na mpaka wa zoni ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Huo mstari unapita ndani ya mkoa wetu, maeneo ya Chamwino, ukitoka mjini kuelekea Moro. Kwa hiyo mjini, Bahi, Kondoa, Manyoni mpaka Singida ni zoni 36, ila Kongwa, Mpwapwa, Kibaigwa na Gairo ni 37. Ukiwa kwenye gari na GPS umeiweka kwenye UTM utaliona kwa macho yako, istingi (namba ya mashariki-magharibi) inapanda, 829000, 830000, 831000, ikifika kama 832000 ghafla inadondoka hadi 168000. Kifaa hakijaharibika, umevuka zoni tu.

Kiangazi kimoja tulitumwa kuhakiki visima upande wa Kongwa, ofisi moja ikatupa orodha yenye safu mbili za namba, istingi na nothingi (ya kaskazini-kusini), basi, hamna zoni wala datamu. Mwenzetu aliziingiza tukiwa bado mjini kwa hiyo kila pointi akaipa 36, tumefika kijijini saa nne jua limeshakuwa kali, GPS inasema kisima kiko kilometa 660 na ushee magharibi, yaani huko Katavi upande wa Ziwa Tanganyika. Ikabidi tukae chini ya mbuyu tuanze kuingiza upya pointi moja moja kwa vidole, asubuhi yote ikaisha, na wale watu pampu yao ilikuwa imekufa wanachota maji kwenye korongo. Iliniuma sana ile siku. Na ukikosea upande wa pili, yaani pointi ya Dodoma mjini ukaipa 37, unatupwa Bahari ya Hindi, mbele kabisa ya Unguja.

Sasa ujue na ile herufi. Kwenye vifaa vya kampuni ya Garmin koodineti ya UTM inakuja hivi, 36 M afu istingi afu nothingi. Ile M sio kusini wala kaskazini, ni mkanda wa latitudo kuanzia ikweta mpaka nyuzi 8 kusini, na mkoa mzima uko humo. Watu wanaona kwenye karatasi pameandikwa 36S, mwandishi alimaanisha kusini, wao wanaingiza S kwenye kifaa, na herufi S kwenye mfumo huo ni mkanda wa kaskazini huko usawa wa Mediteranea. Ukipewa 36S au 37S kwa hapa kwetu, we andika M. Kingine cha kukusaidia kukagua haraka, istingi za mjini zinaanza na 80 hivi na nothingi 931 au 932 kwa namba saba, Mpwapwa istingi inakuwa 22 na kitu. Ukiona istingi ya 22 na mtu anakwambia ni Nzuguni, mwambie arudie.

Datamu nayo. Zile ramani za karatasi za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, wakati GPS ikitoka kiwandani inasoma WGS84. Tofauti ya hizo mbili kwa huku kwetu ni karibu mita 300, zaidi ni kaskazini na kusini. Mita 300 barabarani sio kitu, ila kwenye migunga na miiba unatafuta alama ya mpimaji iliyozama kwenye udongo hizo ni nyingi mno, utazunguka mpaka giza. Kwa hiyo kabla hujachukua namba kwenye karatasi soma pembeni ya ramani chini, datamu huwa imeandikwa. Kama ni Arc 1960 nenda kwenye Setup, fungua Position Format, badilisha Map Datum iwe Arc 1960, ingiza pointi zako, afu rudisha WGS84. Usiogope kwamba pointi za zamani zitahama, kifaa kinazitunza kwa WGS84 ndani kwa ndani, unachobadilisha ni jinsi ya kuzionyesha na kuzipokea. Kosa linakuja pale unaposahau kurudisha na kesho yake ukaingiza namba za mtu mwingine.

Kuna na hili la nyuzi na dakika. Mtu anakutumia WhatsApp 6.105 kumbe kwake ilikuwa nyuzi 6 dakika 10.5, ambayo kwa desimali ni 6.175. Hapo umeshakosea karibu kilometa 8. Mi nimeamua hivi, za kutumiana kwenye simu naandika nyuzi za desimali zenye tarakimu tano nyuma ya nukta, za kazi ya kupima natumia UTM, na kila nikiandika kwenye daftari juu ya ukurasa nakuwa nimeweka zoni na datamu kabla ya kitu chochote.

Tuje kwenye ramani. Ile inayokuja na kifaa haitoshi, inakuonyesha barabara kuu na miji basi, vijijini ni peupe. Dawa yake ni OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ni bure, ilianzishwa Uingereza 2004 na inachorwa na watu wa kujitolea, na kuna watu wanaitengeneza kabisa kwa muundo wa Garmin unapakua nchi nzima. Ukipakua utapata faili inaitwa gmapsupp.img, unaiweka kwenye memori kadi ndani ya folda yenye jina Garmin, kadi iwe imefomatiwa kwa muundo wa FAT32, afu unaichomeka kwenye kifaa, kwenye Garmin aina ya eTrex na GPSMAP 64 tundu la kadi liko chini ya betri. Kama tayari kuna faili ya jina hilo usiifute, ibadilishe jina kwanza, vifaa vya sa hizi vinasoma zaidi ya moja. Ila ukiwasha ramani mbili za eneo lilelile moja inaifunika nyingine, kwa hiyo acha imewaka unayoitaka tu. Na kama bado hujanunua kifaa, eTrex 10 iache, haina sehemu ya kadi, ni nzuri kuchukua pointi lakini ramani ya maana huiweki.

Pakua upya kila baada ya miezi michache. Tangu 2016 ilipotangazwa serikali inahamia huku mji umebadilika sana, Mtumba palikuwa pori leo ni mji wa serikali, Iyumbu na Nala barabara zinachongwa kila siku, ramani ya miaka miwili nyuma inakupeleka kwenye ukuta wa mtu. Na ukiona njia ya kijijini kwenu haipo, rekodi traki yako, yaani njia unayopita, ukiwa kwenye pikipiki afu ingia uichore mwenyewe, kesho mwenzako au gari la wagonjwa likaipita. Hili naliomba kabisa.

Ukiwa porini zima ile ya kushikilia barabara, Lock On Road, manake inavuta mshale wako kwenye barabara ya jirani hata kama uko mita 40 ndani ya shamba la zabibu.

Kupata setilaiti hapa kwetu ni rahisi, anga ni wazi. Zinahitajika angalau nne, na kifaa kilichokaa kabatini muda mrefu au kimesafiri mbali kiache nje juu ya boneti kama robo saa kabla hujaondoka, taarifa kamili ya setilaiti inachukua dakika 12 na nusu kushuka. Washa GLONASS (setilaiti za Urusi) kama ipo, unapata setilaiti nyingi zaidi, ila WAAS au EGNOS, mifumo ya kusahihisha vipimo, zima tu, hizo ni za Marekani na Ulaya huku zinakula betri bure. eTrex ishike imelala skrini ikitazama juu, GPSMAP yenye ule mkia isimamishe, antena zao haziko sawa. Ukiwa chini ya miamba kama pale Mlima Simba au kwenye michoro ya miambani ya Kolo, signali inagonga mwamba ndo inakuja kwako, pointi inaruka. Hapo tumia Waypoint Averaging, inayotoa wastani wa vipimo vingi, iache isome dakika kadhaa, na kama pointi ni ya maana rudi baada ya saa moja na nusu usome tena.

Kwenye kupima shamba nako watu wanakiamini kifaa hiki kupita kiasi. Kifaa cha mkononi kikiwa vizuri kinakosea mita 3 mpaka 10. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani kama 64 kwa 64, sasa kila upande ukisomeka 69 tayari imekuwa ekari 1.18. Shamba la ekari 20 kosa hilohilo ni kama asilimia 3 na nusu tu. Kwa hiyo la ekari 20 pima, zunguka mpakani taratibu usikate kona, la robo ekari chukua futi ya kupimia. Na ugomvi wa bikoni (alama za mipaka) za kiwanja usiuingilie na kifaa hiki, mwite mpimaji mwenye mashine zake.

Betri tumia za kuchaji za NiMH na kwenye Setup uchague aina hiyohiyo, usipochagua kipimo cha chaji kinakudanganya kinazima bado unaona nusu. Ukirudi nyumbani hamisha pointi na traki kwenye kompyuta kama faili za GPX, zipe majina siku hiyohiyo maana ukikaa wiki huikumbuki 047 ilikuwa kisima au mti, afu toa betri kabla hujakiweka kabatini, zikivuja zinakula vyuma vya ndani.